Sahani Kumi na Tisa za Minda

Ufunguo wa kabati la vyombo ulining'inia shingoni mwa Socorro, kwenye mkufu mmoja na medali ya Bikira Maria, na Minda alijua kwamba kuuomba mara ya tatu ni kujidhalilisha bure. Juzi aliuomba, akaambiwa asubiri. Jana aliuomba, akaambiwa, "Wifi, una haraka gani?" Basi asubuhi ya Krismasi, wengine wakiwa bado kanisani kwenye misa, aliingia jikoni, akachukua kisu cha kumenyea, akapiga magoti mbele ya kabati na kuanza kulegeza skrubu za bawaba.

Kabati lilisimama sebuleni, mahali ambapo kila aingiaye lazima alione. Lilikuwa na milango miwili ya kioo, na nyuma ya kioo zilisimamishwa sahani kumi na tisa, kila moja na picha yake. Zote zilikuwa za Minda. Kwa miaka ishirini na mbili alilea watoto wa watu na wazee wa watu, Hong Kong, kisha Jeddah, kisha Hong Kong tena, na katika miaka hiyo Krismasi alizokula nyumbani ni tatu tu. Kwa kila Krismasi aliyoikosa alinunua sahani moja. Alizipata kwenye vibanda vya vitu kuukuu, hakuna mbili zinazofanana: jogoo mwekundu, kinu cha upepo, ndege wawili juu ya tawi, nyumba inayofuka moshi, waridi lenye ukingo wa dhahabu. Aliifunga sahani kwa taulo, akaitia katika boksi la zawadi pamoja na sabuni, kahawa na viatu vya watoto wa kaka yake, na kila mara alitia kijikaratasi: Ya kulia chakula cha Krismasi.

Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kula katika hata moja.

"Hizo ni za wageni," ndivyo Socorro alivyosema mwaka wa kwanza, akanunua kabati, akapiga kufuli. Nyumba ile ilikula katika sahani za plastiki na za bati, Krismasi na siku nyingine zote. Mgeni akija, padri au mkuu wa mtaa, ufunguo ulitoka shingoni. Na Minda alipokuja likizo, ufunguo ulitoka vilevile. Socorro alimtolea sahani ya waridi, akaipangusa mara mbili, akamwekea mbele yake huku wengine wote wakila katika bati. Mara ya kwanza Minda aliona ni heshima. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu alielewa. Katika nyumba alimozaliwa, kwenye meza aliyoitengeneza marehemu baba yake, yeye alikuwa mgeni.

Bawaba ya kwanza ililegea. Akahamia ya pili.

Safari hii alirudi mwezi wa kumi, akatangaza kwamba hatoki tena. Walimcheka. Kaka yake, Ruperto, mume wa Socorro, mtu mpole asiyependa maneno, alimwambia kila anayerudi husema hivyohivyo, na likizo ikiisha hupanda ndege kama kawaida. Minda akanyamaza. Kumbe kunyamaza kwake kulichukuliwa kuwa ni kukubali, kwa sababu juma lililopita alisikia kwa jirani, si kwa watu wa nyumbani kwake, kwamba Bwana Delfin, wakala wa kazi za ng'ambo, amekwisha kumpatia mkataba mpya Kuwait, kumtunza mzee aliyepooza, na kwamba atakuja chakula cha mchana cha Krismasi na karatasi za kutia sahihi. Nakala ya pasipoti alipewa na Socorro. Minda alikuwa na miaka hamsini na minne, na walimpangia safari kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni.

Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa hasira ya kushika kisu na kuzungusha skrubu polepole, moja baada ya nyingine, mpaka mlango wote wa kioo ukamwangukia mikononi. Akauegemeza ukutani. Kufuli likabaki limening'inia kwenye mlango wa pili, halina kazi.

Mama yao, Mama Isidra, alikuwa kwenye kiti chake cha mwanzi karibu na dirisha. Misa ya alfajiri ilimshinda siku hizi. Masikio yake yalikwisha kuchoka, lakini macho bado yalikuwa makali.

"Minda, umevunja kabati?"

"Sijavunja, Mama. Nimelivua mlango."

"Socorro atasema."

"Aseme. Ndiyo maana amepewa mdomo."

Mama Isidra akacheka kimyakimya mpaka mabega yakamtikisika, kisha akageuka dirishani, akijifanya hakuona kitu.

Meza yenyewe ilikuwa imefunikwa plastiki iliyopigiliwa kwa misumari midogo pembeni, na katikati yake kilikaa chombo cha maua ya plastiki ambayo Socorro aliyaogesha kwa sabuni kila Desemba. Minda aling'oa misumari kwa kisu kilekile. Alibeba plastiki na maua yake hadi uani, akayaacha karibu na banda la kuku. Mbao za baba zilipoonekana, nyekundu na zenye mikwaruzo, akazisugua kwa kitambaa na mafuta ya nazi. Kisha akatandika majani ya mgomba katikati, toka ncha hadi ncha, yakiwa bado na umande.

Maua alikwisha kuyachuma kabla jua halijapanda. Langilangi kutoka mti wa nyuma ya kisima, manjano yake ikiwa imekomaa vizuri, ile inayonukia hadi barabarani. Asumini nyeupe, beseni zima. Matawi ya bogenvilia ya rangi ya zambarau, yaliyomchana mikono. Hakutafuta vyombo vya maua. Alitia langilangi katika vikombe visivyo na vishikio, bogenvilia katika chupa za siki, na asumini akazitunga kwenye uzi mrefu uliozunguka katikati ya meza, ukipita kati ya kikombe na kikombe.

Halafu zikaja sahani. Hapo Minda alikuwa na taratibu zake, na angemkata mtu kidole kwa ajili yake. Picha lazima isimame mbele ya mlaji. Jogoo miguu chini, kichwa juu. Moshi wa nyumba uelekee katikati ya meza, si kwenye kifua cha mtu. Alizunguka meza mara tatu, akiinama kwenye kila kiti kuangalia kwa jicho la yule atakayeketi hapo, akisogeza huku kidogo, kule kidogo. Kumi na mbili kwa watu, saba zilizobaki kwa maembe, tikiti na keki za wali. Alipofika kwenye kiti chake mwenyewe akaenda jikoni, akarudi na sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyobanduka rangi upande mmoja pale alipoiangusha kisimani akiwa na miaka saba. Akaiweka mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama meza yake na kuona kwamba ni nzuri.

Socorro aliingia na shela ya misa bado kichwani. Alitazama kabati. Alitazama meza. Mkono ukaenda shingoni kuhakikisha ufunguo bado upo.

"Wifi," akasema taratibu, "umeingiwa na nini?"

"Njaa."

"Asumini ni ya watakatifu na maiti. Unaiweka mbele ya chakula?"

"Watakatifu wamepata zao kanisani. Maiti hawali. Hii ni yetu."

"Na maua yangu yako wapi?"

"Uani, na kuku. Wameyaonja, wakayaacha."

Socorro alivua shela, akaikunja mara nne. Hakuwa mwanamke mbaya, na huo ndio uliokuwa ugumu wa kumkasirikia. "Sikiliza," akasema. "Zile sahani nimezilinda miaka ishirini na mbili. Haikuvunjika hata moja. Watu wa mtaa mzima wanajua. Leo unazitoa tulie chakula, watoto wazigonge, nami niambiwe nimeshindwa kutunza vitu vya ng'ambo?"

"Sikuzileta zitunzwe. Niliandika karatasi. Hukuzisoma?"

"Nilizisoma."

"Basi."

Socorro akatafuta la kufanya. Akaona sahani ya bati. Akaichukua, akaenda hadi kiti cha Mama Isidra mezani, akaitoa pale ile ya waridi na kutaka kubadilisha. Minda akamshika mkono kabla hajaitua ile ya bati.

"Hii bati ni yangu."

"Uhamie Kuwait ukiwa umekula katika bati siku ya Krismasi? Watu watasemaje?"

"Waridi ni la Mama. Rudisha, wifi. Na kichwa cha waridi kiwe juu."

Ruperto alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Akawatazama wanawake wawili wa maisha yake, dada na mke, akaona heri akachochee moto wa nyama nje.

Saa sita mchana watu wakajaa. Watoto wanne wa Ruperto, wawili kati yao na wenzi wao, binamu wawili kutoka mtaa wa juu, na Bwana Delfin katika shati jeupe lililopasiwa vizuri, bahasha ya rangi ya kaki chini ya kwapa. Mmoja mmoja walichukua mkono wa Mama Isidra na kuugusisha kwenye paji la uso, wakapata baraka, kisha wakageukia meza na kuikodolea macho. Langilangi ilikuwa imepata joto la mchana na kuanza kunukia sawasawa. Binamu mmoja akauliza ni harusi ya nani. Kijana mkubwa wa Ruperto alitafuta kwanza sahani ya plastiki, akaikosa, akaketi mbele ya jogoo mwekundu na mikono mapajani kama aliyeingia ofisini kwa mkubwa.

"Kula, mwanangu," Minda akamwambia. "Huyo jogoo amekungoja tangu ukiwa darasa la pili."

Wakaanza kula. Kulikuwa na tambi ndefu za maisha marefu, mchuzi wa mbuzi, paja la nguruwe lililong'arishwa kwa sukari, na wali. Vijiko viligonga sahani na kila vilipogonga Socorro alifumba macho. Baada ya muda akaacha kufumba. Minda alimwona akikagua chini ya tambi zake, pole pole, akizisogeza kwa uma ili aone picha. Ilikuwa kinu cha upepo. Kwa miaka yote alikipangusa vumbi, hakuwahi kukiona kikitokeza chini ya chakula.

Bwana Delfin alikula vizuri, akasifu vizuri, kisha akafuta midomo na kuiweka bahasha mezani, juu ya majani ya mgomba, akisogeza kikombe cha maua ili ipate nafasi. Akazitoa karatasi, akazinyoosha kwa kiganja.

"Dada Minda, una bahati," akasema. "Wenzako wanasubiri mwaka mzima. Wewe kila kitu tayari, bado sahihi tu. Gari litakuja kukuchukua keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi."

"Nani alikuagiza?" Minda akauliza.

Bwana Delfin akamtazama Socorro. Socorro akatazama sahani yake. Ruperto akatazama dari.

"Familia," wakala akasema. "Familia imekubaliana."

"Wali umekwisha," Minda akasema, akainuka.

Hapo lazima ieleweke jambo moja kuhusu nyumba ile. Mtu akiinuka mezani kwenda safari wenzake wakiwa bado wanakula, waliobaki huzungusha sahani zao nusu duara, ili msafiri afike salama. Ndivyo walivyofanya waliokuwapo kabla yao na ndivyo kila nyumba ya mtaa ule ilivyofanya, wala hakuna aliyeuliza sababu. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa na tabia ya kuja watu wakiwa kwenye kifungua kinywa. Miaka ishirini na mbili Minda alikuwa akiinuka na sanduku lake, na Mama Isidra akiishika sahani yake kwa mikono miwili na kuizungusha, akikaripia yeyote asiyezungusha.

Masikio ya Mama Isidra yalidaka neno moja tu katika maneno yote ya mchana ule: gari. Macho yake yakamwona Minda anainuka.

Jikoni, Minda alisimama mbele ya sufuria. Hakulia. Alijisemea kwamba machozi yake mengi yamebaki katika majiko ya watu, na leo hatoi hata moja. Akalishika sufuria kwa matambara mawili, zito, jeusi kwa masizi ya kuni, akatoka.

Akasimama mlangoni.

Jogoo alikuwa amesimama kwa kichwa. Kinu cha upepo kilining'inia miguu juu. Nyumba ilimwaga moshi wake kwenye kifua cha binamu. Meza nzima, sahani baada ya sahani, picha alizozipanga kwa jicho lake asubuhi zilikuwa zimepinduka, na wala hakuna aliyekuwa akizitazama. Walikuwa wakila. Mama alizungusha, mikono mingine yote ikafuata kwa mazoea, hata ya watoto. Mtu alikwenda kuchukua wali, nao wamekwisha kumuaga.

Kwa pumzi moja Minda aliona Krismasi zake zote kumi na tisa zikiwa zimepinduliwa. Kisha hasira ile ya skrubu ikamrudia, tulivu, na alifurahi kuipata.

Alitembea hadi kwa Bwana Delfin, akalitua sufuria juu ya karatasi zake.

"Asante," akasema. "Nilikuwa natafuta cha kuwekea."

Mvuke ukapanda. Bwana Delfin akavuta ncha ya mkataba, sufuria halikusogea. Alipoendelea kuvuta ikachanika, na iliyobaki mkononi mwake ilikuwa na nusu duara nyeusi ya masizi.

"Dada Minda, hili si jambo la mzaha."

"Wala mimi sifanyi mzaha." Akaishika sahani iliyokuwa mbele yake, yenye ndege wawili, akaizungusha na tambi zake hadi ndege wakasimama juu ya tawi. "Kula. Hakuna msafiri hapa."

Akaenda kwa kijana, akamsimamisha jogoo. Akaenda kwa binamu, akauelekeza moshi kunakostahili. Alizunguka meza kama alivyozunguka asubuhi, bila kuruka kiti hata kimoja, na hakuna aliyethubutu kuinua kijiko. Alipofika kwa Ruperto, kaka alikwisha kuigeuza yake mwenyewe.

"Ungeniambia, kaka," Minda akasema.

"Ulisema mwezi wa kumi," Ruperto akajibu kwa sauti ya chini. "Sisi ndio tuliocheka."

Socorro alikuwa ameishika sahani yake kwa nguvu. Macho yalikuwa mekundu. "Ni rahisi kwako," akasema. "Unakuja na maua. Nani amemwogesha mama yenu miaka yote hii? Nani alikesha naye akiugua mapafu? Na sasa mchele utatoka wapi?"

"Umemwogesha wewe," Minda akasema. "Hakuna atakayekunyang'anya hilo. Kesho nitamwogesha mimi, wewe ulale mpaka saa nne. Na mchele utatoka pale sokoni nitakapouza uji wa tangawizi asubuhi. Nimeshapata kibanda. Wageni wote wa Hong Kong walikula kwa mkono wangu, watu wa hapa watashindwa?"

Vidole vya Socorro vikalegea. Minda akakizungusha kinu cha upepo, na wifi yake akamwachia.

Ikabaki sahani moja. Mama Isidra alikuwa ameikumbatia ile ya waridi kwa mikono yake miwili yenye mishipa, ua likiwa kichwa chini, wali na mchuzi juu yake. Minda akachuchumaa kando ya kiti. Akavuta kidogo. Sahani haikwenda.

"Niachie, Mama."

"Sikuachii." Mama Isidra akaikaza mikono. "Kila safari nimeizungusha na kila safari umefika. Nisipoizungusha, nawe uko juu angani huko, utafikaje salama?"

Minda akauleta mdomo wake karibu na sikio lililochoka, akasema polepole, ili kila neno liingie.

"Nimeshafika, Mama."

Mama Isidra akamtazama. Alimtazama usoni, akaitazama sahani ya bati mahali pa Minda, yenye ukingo wa buluu uliobanduka, ambayo haina picha wala juu wala chini.

"Ile uliiangusha kisimani," akasema. "Nilikuchapa."

"Ulinichapa sana."

Bwana Delfin alikohoa. Akasema ana nyumba nyingine mbili za kutembelea, akaikunja bahasha yake, akainuka na kuacha tambi nusu. Hakuna aliyemzuia. Mama Isidra alipomwona anaondoka wenzake wakiwa mezani, mikono yake ikafanya kazi yake ya miaka yote. Akaizungusha sahani nusu duara, taratibu, mchuzi usimwagike, mpaka waridi likasimama mbele yake na kichwa juu.

"Afike salama," akasema. Kisha akaisukuma sahani kwa binti yake. "Mwanangu, hebu nitilie wali. Na ukoko, kama mmebakisha."

Minda akamtilia ukoko wote.